Mhafidhina anahifadhi nini?

Maneno ya timu yetu ya amani mbele ya familia zilizohamishwa na vita, pamoja na viongozi wao

Tunajua kuna waliowaachia watoto foleni ya maji ili wawe hapa. Tutajaribu kutowapotezea wakati.

Leo tunazungumza juu ya neno moja. Neno hilo lilituvunjia mkutano uliopita. Tulikuwa tunapanga habari za siku ya kurudi vijijini: nani atagawa mashamba, nani atasuluhisha ugomvi, mjane atasemewa na nani. Kijana mmoja akasimama akasema, "Wazee wetu ni wahafidhina. Ndiyo maana hatuendelei." Mzee mmoja akajibu palepale, "Ndiyo, mimi ni konsevateri na nitakufa konsevateri. Ninyi mnaotaka kubadilisha kila kitu ndio mliochukua bunduki." Kelele zikawa nyingi. Tukafunga mkutano bila kufika mwisho.

Tangu siku hiyo tumejiuliza kama wawili hawa walikuwa wanabishana juu ya jambo moja. Tukaona ni vizuri kulichukua neno lenyewe, kulifungua, na kutazama ndani yake mna nini.

Makonsevateri tunaowajua

Hapa Kongo, ukisema konsevateri, watu wengi hawafikirii siasa. Wanafikiria watu wawili. Wa kwanza ni konsevateri wa mbuga ya wanyama. Wa pili ni konsevateri wa vyeti vya ardhi, yule mwenye ofisi na madaftari makubwa.

Kazi ya wa kwanza ni kutunza kitu ambacho si chake. Mbuga ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, kwa jina la Albert, mfalme wa Ubelgiji. Kila konsevateri aliyepita pale aliikuta na akaiacha. Anawatunzia hata watu ambao hawajazaliwa. Kazi ya wa pili ni kutunza kumbukumbu. Kiwanja hiki ni cha nani, kilipimwa lini, kinapakana na nani. Daftari lake likiungua au likiandikwa uongo, majirani wanaanza kupigana.

Lakini ninyi mnajua upande mwingine wa kazi hizo. Mbuga ilipochorwa, wapo wakulima waliojikuta shamba la babu liko ndani ya mpaka. Na cheti cha ardhi kimewahi kutolewa kwa mwenye pesa, juu ya shamba ambalo familia nyingine ililima kwa vizazi. Kwa hiyo tayari tuna swali la kwanza, kabla hatujaingia katika siasa: kitu kinapohifadhiwa, nani analipa bei?

Neno hili lilivyoingia katika siasa

Mhafidhina wa siasa alipata sauti kubwa Ulaya wakati wa mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Mwaka uliofuata, Novemba 1790, mbunge mmoja wa Uingereza mwenye asili ya Ireland, Edmund Burke, alitoa kitabu cha kuyapinga mapinduzi hayo. Wakati ule mfalme wa Ufaransa alikuwa bado hai, na watu wengi Uingereza walikuwa wanashangilia. Burke aliona mbali. Alionya kwamba nchi ikivunja kila kitu kwa siku moja, mwishowe jeshi ndilo litakaloamua, na jemadari mmoja atakuwa bwana wa wote. Mfalme aliuawa Januari 1793. Ukafuata wakati wa hofu kuu na kuchinjana. Na Novemba 1799 jemadari akashika madaraka kweli. Jina lake Napoleon Bonaparte.

Burke alifundisha nini? Tukilisema kwa maneno yetu, alisema taifa ni mapatano marefu. Ndani yake wamo waliokufa, walio hai, na wale watakaozaliwa. Kizazi kimoja hakina haki ya kuuza nyumba nzima kana kwamba ni chake peke yake. Wazee wetu hapa hawatashangaa kusikia hivyo. Ukoo wowote wenye makaburi na watoto unalijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Tena alisema kwamba desturi iliyodumu ina akili nyingi ndani yake, hata kama hatuwezi kuieleza yote. Mtu mmoja mwenye akili anaweza kukosea sana. Kwa hiyo tutengeneze polepole, kipande kwa kipande, na tutazame matokeo kabla ya kuendelea.

Lakini, vijana, sikilizeni na hili. Burke huyuhuyu alitetea malalamiko ya Wamarekani walipokuwa chini ya Uingereza. Na tangu mwaka 1788 alisimamia mashtaka makubwa bungeni dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa mtawala wa Waingereza kule India, kwa ajili ya maovu waliyotendewa watu wa India. Kesi iliendelea miaka saba, na Hastings akaachiliwa mwaka 1795. Burke alishindwa. Lakini alionyesha kwamba mhafidhina wa kweli hanyamazi mkubwa anapovunja desturi za watu wengine. Tena alishika neno hili: nchi isiyokuwa na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujilinda.

Wapo waliompinga, na hoja yao ina nguvu. Mwaka 1791 Thomas Paine alimjibu kwamba wafu hawawezi kuwafunga walio hai, na kwamba kila kizazi kina haki zake. Wengi walimwona Burke kuwa anamlilia malkia huku akisahau wenye njaa. Tunalisema hili ili kijana wetu ajue kwamba swali lake ni la zamani nalo, na linastahili jibu la heshima.

Jina lenyewe lilikuja baadaye. Mwaka 1818 mwandishi Chateaubriand alianzisha gazeti huko Paris, akaliita Le Conservateur. Waingereza wakalichukua jina hilo kwa chama chao katika miaka ya 1830. Mwaka 1834 kiongozi wao, Robert Peel, aliwaandikia wapiga kura wa Tamworth kwamba chama chake kitalinda taratibu za nchi, na wakati huohuo kitaondoa maovu yaliyothibitishwa. Na mwaka 1846, njaa ilipokuwa inaipiga Ireland, Peel alifuta sheria zilizofanya nafaka za kigeni ziwe ghali. Sheria hizo ziliwapendeza wenye mashamba makubwa, watu wa chama chake mwenyewe. Chama kikapasuka, naye akapoteza uongozi. Hapo wahafidhina wa Uingereza walilazimika kuchagua: tunahifadhi nchi, au tunahifadhi faida ya wakubwa?

Swali hilo hatukuletewa kutoka mbali. Limeshafika kwetu.

Yale yaliyotupata hapa Kongo

Wakubwa wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu. Alishika madaraka Novemba 1965. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakaachishwa kwa amri, na kila mtu akatafuta jina la mababu. Koti na tai vikawa mwiko, tukavaa abakosti. Yote yaliitwa kurudia asili yetu. Ukisikiliza maneno tu, ungedhani nchi ilikuwa mikononi mwa mhafidhina mkubwa kuliko wote.

Sasa tutazame matendo. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi walizokaa na kulima wenyeji kwa desturi, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Mobutu alitawala hadi Mei 1997, na amri hiyo haikutoka. Mwaka huohuo wa 1973 serikali ilitaka machifu wawe watumishi wake kama wengine, na ikajaribu kuwahamisha wengine wakatawale mahali ambapo si kwao. Jambo hilo halikufaulu. Wananchi walijua kwamba chifu asiye na makaburi ya wazazi wake mahali pale si chifu.

Basi mnaona. Mababu walivikwa juu, kama nguo ya sikukuu. Chini yake, shamba la mababu liliachwa bila mlinzi. Sehemu ya vita vyetu vya ardhi imeota katika nafasi hiyo, kati ya desturi iliyonyimwa nguvu na sheria ambayo haikumalizwa.

Kuna jambo la pili, na hapa tunawaomba wazee wetu watusamehe. Si kila kinachoitwa cha asili ni cha asili. Wakati wa Wabelgiji, amri za 1891, 1910 na 1933 zilipanga machifu upya. Wengine walitambuliwa, wengine waliachwa. Amri ya 5 Desemba 1933 iliweka sekta, ambamo vikundi vidogo viliunganishwa chini ya mkubwa mmoja. Kwa hiyo mipaka mingine tunayoipigania leo kama urithi wa mababu ilichorwa mezani na Bula Matari. Kuihifadhi si dhambi. Lakini tusiwaue majirani kwa ajili ya mstari ambao babu zetu hawakuujua.

Maswali matatu ya kupima

Baada ya kuyafikiri haya, timu yetu imepata maswali matatu. Mtu akisimama mbele yenu na kusema, "Mimi nalinda mila," muulizeni kwa adabu.

La kwanza: kitu hicho ni cha kale kweli, au kilianza juzi kwa faida ya mtu fulani?

La pili: kitu hicho kinamlinda nani? Mila nyingi zilianza ili kumlinda asiye na nguvu, kama mtoto yatima, mgeni au mzee. Mila iliyoacha kumlinda huyo imekufa, hata kama jina lake bado linatajwa.

La tatu: bei yake inalipwa na nani? Kama anayelipa ni yuleyule kila siku, na hakuulizwa kamwe, basi kuna kitu kimeharibika.

Tuyajaribu maswali haya juu ya jambo mnalolijua. Tuseme kuna mama aliyefiwa na mume wake vitani. Ana watoto wanne, wawili ni wasichana. Siku ya kurudi anamkuta shemeji yake analima shamba. Shemeji anasema, "Ni mila. Shamba ni la ukoo, na wewe umetoka nje."

Swali la kwanza. Je, ni mila ya kale? Ni kweli kwamba katika koo zetu nyingi shamba lilikuwa la ukoo. Lakini ulizeni wamama wazee. Watawaambia kwamba aliyechukua mali ya marehemu alichukua pia mzigo wake: kuwalisha watoto, kuwasomesha, kumjengea mjane. Anayechukua shamba na kuacha watoto amekata mila katikati, akabaki na kipande kitamu. Swali la pili: inamlinda nani? Yeye tu. Swali la tatu: nani analipa? Watoto wanne.

Kwa hiyo mwenye kumtetea mjane hapo ndiye mhafidhina. Shemeji ni mvunjaji anayejiita mlinzi. Na sheria ya nchi inasimama upande huohuo. Kanuni ya familia ya 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, katika kundi la kwanza la warithi. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kifungu cha 207 kinaitambua mamlaka ya kimila, mradi isipingane na katiba, sheria, usalama wa watu na maadili mema. Kifungu hicho kinamdai pia chifu akuze umoja wa taifa. Sheria ya 25 Agosti 2015 juu ya machifu wa kimila imefuata njia hiyo.

Wazee wetu, hamkunyang'anywa kitu hapo. Mmepewa kazi ngumu zaidi, ya kuchagua ndani ya mila kilicho hai, na kukitetea hata mbele ya ndugu zenu.

Vijana, nanyi pia tunawaambia. Katiba ileile ina kifungu cha 220, kinachokataza kubadilisha mambo fulani: nchi kuwa jamhuri, kura ya watu wote, idadi na urefu wa vipindi vya rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi. Sisi hatuingii katika ugomvi wa vyama. Tunawaonyesha tu kwamba kijana anayesema "kifungu hiki kisiguswe" anafanya kazi ya mhafidhina, hata kama nywele zake ni za kisasa. Anasema: haya tuliyapata kwa damu, tusiyachezee kwa haraka. Ndivyo mzee anavyosema juu ya shamba.

Aliyepoteza yote ahifadhi nini?

Mama mmoja alituuliza, "Ninyi mnasema tuhifadhi. Mimi nilikimbia na sufuria moja. Nihifadhi nini?" Swali lake lilitunyamazisha. Tumelifikiri, na tunaleta jibu dogo.

Hifadhini kumbukumbu ya ardhi. Mtu aliyekimbia anabeba kichwani daftari ambalo hakuna moto unaoweza kulichoma, isipokuwa kifo na kusahau. Kaeni na wazee wakiwa hai. Andikeni katika daftari la shule: jina la shamba, mto au mti wa mpakani, majirani wa pande zote nne, limepatikanaje, na nani alishuhudia. Msiandike kabila la mtu. Tumeona orodha za makabila zilivyotumiwa. Wekeni nakala mahali pawili. Karatasi hiyo si cheti cha ardhi, tusidanganyane. Lakini siku wazee watakapokaa kusuluhisha, ni bora kuliko sauti kubwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema mali waliyoiacha ilindwe isichukuliwe ovyo, na kwamba wakuu wana wajibu wa kuwasaidia kuirudisha. Anayedai kwa maelezo kamili anasikilizwa zaidi.

Hifadhini desturi ya kusuluhisha kabla ya kisasi. Kijiji chenu kilikuwa na njia: nani anaitwa kwanza, nani anakaa wapi, nani anamalizia maneno, wagomvi wanakula pamoja wakati gani. Msiiache kwa sababu mko chini ya hema. Ifanyeni hapa, hata kwa ugomvi mdogo wa kuku au wa zamu ya maji. Watoto waione. Mtoto aliyekulia kambini bila kuona wazee wakipatanisha watu atajifunza njia moja tu ya kumaliza ugomvi, na njia hiyo mnaijua.

Hifadhini heshima kwa wenyeji waliowapokea. Kumpokea mgeni ni mila yetu ya kale kuliko mipaka yote tuliyoitaja. Kuna familia zilizowapa pembe ya shamba nazo hazikuwa na ziada. Siku mtakapokuwa kwenu, na mwingine akaja akikimbia, mtajulikana hapo kama kweli ninyi ni watunza mila.

Na kuna vitu vya kuacha. Acheni hesabu za damu ambazo baba anamrithisha mtoto. Nazo pia huitwa kumbukumbu, nazo pia hupewa jina la heshima kwa mababu. Zipimeni kwa maswali matatu. Zinamlinda nani? Bei inalipwa na nani? Mtajibu wenyewe.

Kumalizia

Turudi kwa mzee na kijana wa siku ile. Mzee aliogopa kwamba yote aliyopewa yatatupwa. Kijana aliogopa kwamba atafungwa katika makosa ya waliomtangulia. Hofu zote mbili zina sababu. Mzee ameona bunduki, na kijana ameona shemeji akila shamba la mjane kwa jina la mila.

Sisi hatuwaombi mjiite wahafidhina wala mlikatae jina hilo. Tunawaomba msilikubali jina kabla ya kuona kazi. Mtu akijiita mhafidhina, akiwa chifu, mgombea wa uchaguzi, au sisi wenyewe wa timu hii, muulizeni: unahifadhi nini, na unamhifadhia nani? Akijibu, "kiti changu," mmemjua. Akijibu, "shamba la watoto ambao hawajazaliwa, wa kwangu na wa jirani yangu," mpeni nafasi azungumze.

Amani iwe kwenu na kwa wale mliowaacha nyuma.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Tajeni desturi moja ya kijiji chenu iliyowahi kumlinda mtu asiye na nguvu. Bado inafanya kazi hapa mlipo?

2. Ni jambo gani mnaloliita la mababu, ambalo mkiwauliza wazee wataona lilianza karibuni?

3. Nani katika kundi lenu anakumbuka vizuri mipaka ya mashamba? Ni kijana gani atakaa naye na daftari wiki hii?